Pete Nyekundu za Mfinyanzi

Jamani, sogeeni niwasimulie, maana jambo hili limo majumbani mwetu hata kama hatuna msitu.

Palikuwa na dada wawili walioishi ua mmoja, pembeni mwa msitu wa umma. Mkubwa alifinyanga vyungu, mdogo alifuga nyuki. Asubuhi mkubwa alikanda udongo, mdogo akimchotea maji, na vicheko vyao vilisikika hadi barabarani.

Msitu ule uligawanywa kwa matumizi, na miti ya kila sehemu ikapakwa pete ya rangi. Penye pete nyekundu, kwenye chemchemi, haingii mtu. Penye nyeupe, ruhusa kuokota kuni kavu. Penye manjano, ruhusa kutundika mizinga. Siku ya mkutano wa kijiji wa kugawana sehemu hizo, mkubwa ndiye aliyetangulia kuchagua.

"Mimi nipeni kuni za tanuri langu," alisema. "Nyuki mpeni huyu mdogo wangu, bado ana miguu ya kukimbia."

Watu wakacheka, na mdogo mwenyewe akacheka.

Kumbe asali ilikubali. Mdogo akaezeka bati, na wateja wakawa wanapiga hodi wakimuulizia yeye tu. Kila mavuno alimpelekea dada yake bakuli la asali. Mkubwa alililamba mpaka chini, huku roho inamuuma.

"Huyu nimembeba mgongoni," alijisemea. "Leo mimi ndiye wa kugawiwa?"

Kijicho, wenzangu, hakishibi hata ukikilisha asali.

Basi bwana misitu wa zamani akahamishwa, akaja mwingine asiyejua mgawo ule. Siku ya soko, kijiji kikiwa kitupu, mfinyanzi alichukua ndoo ya udongo mwekundu wa kupaka vyungu, akaingia msituni. Kila pete ya manjano akaifunika kwa nyekundu. Akarudi, akanawa mikono, akapika.

Haikupita wiki, mdogo akaamriwa aondoe mizinga.

"Lakini hapa ni pangu! Mkutano mzima ulinipa!" alilia.

"Mama, huenda mwenzangu alibadilisha kabla hajaondoka," alijibu bwana misitu. "Nitauliza wakubwa. Kwa sasa nafuata rangi niliyoikuta."

Mizinga ikatolewa, nyuki wakaenda zao. Mkubwa akamkumbatia mdogo wake. "Pole, mdogo wangu, ndiyo dunia." Moyoni alikuwa anafurahi, nisiwafiche.

Alisahau jambo moja. Kila kiangazi mdogo alifyeka majani yote chini ya mizinga, sehemu iliyopakana na ua wao, moto usije ukawafikia nyuki wake. Mwaka ule majibu ya wakubwa hayakuja, naye hakuruhusiwa kukanyaga. Majani yakafika kiunoni, yakakauka. Moto ulipozuka kwenye kuni kavu za sehemu nyeupe, ukayapata majani hayo, ukaja moja kwa moja hadi banda la mfinyanzi. Aliyekuwa wa kwanza kufika ni mdogo wake, akamvuta nje huku nywele zake mwenyewe zikiungua. Vyungu, kuni na banda, vyote vikaisha.

Kesho yake watu walikwenda kukagua. Rangi ya pete za kwingine ilikuwa imegeuka masizi. Lakini palipokuwa na mizinga, pete zilibaki nyekundu, ngumu. Bwana misitu akaigonga moja kwa kucha, ikalia kama chungu.

"Hii si rangi," alisema. "Ni udongo uliochomwa."

Na kijiji kile kilikuwa na mfinyanzi mmoja tu.

Mdogo alimgeukia dada yake. "Dada," alisema taratibu, "si ungeniambia tu kwamba unataka mzinga?"

Sehemu ya manjano ikarudi kwa mdogo, lakini mdogo hakurudi uani. Aling'oa bati lake akahamia ng'ambo ya kijiji. Siku hizi mkubwa anajichotea maji mwenyewe.

Funzo

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Msitu wa wote hugawanywa ili kila sehemu iilinde nyingine, na sisi tumewekwa vivyo hivyo: ukimng'oa jirani mahali pake, umebomoa ukuta wa nyumba yako. Kitu cha mwenzio kikikupendeza, mwombe akufundishe. Kuomba si aibu, na huenda alikuwa anangoja umwombe.