Mabati Mbele ya Duka

Mtaa mzima ulimwita Mama Ndoo. Aliuza ndoo, mabeseni, mifagio na sabuni. Duka lake lilikuwa dogo, na bidhaa zake hazikukubali kukaa ndani. Kila asubuhi alizitoa nje na kuzipanga mbele ya mlango, ndoo juu ya ndoo, mpaka zikawa mnara. Mpita njia aliyezubaa aliuangusha mnara huo, na hapo ndipo alipojua kwamba Mama Ndoo ana sauti.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Alifanya kazi kwenye kiti kifupi kando ya mlango. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Likitokea jambo, alisema, "Yatapita, mama watoto." Neno hilo lilimchosha mkewe kuliko kazi yote ya duka.

Kulikuwa pia na mama mkwe, mama yake fundi. Waliishi naye nyumba moja, mtaa wa nyuma. Kila siku baada ya chai alichukua mkongojo wake, akatembea polepole hadi dukani, akaketi ndani na kuwachambua wateja.

"Huyo hanunui," alimnong'oneza mkwewe, kwa sauti ambayo mteja mwenyewe aliisikia.

"Mama, jamani!"

"Nimekosea? Mwangalie anavyoishika ndoo. Huyo anapoteza muda."

Basi, ndivyo walivyoishi. Kisha ghala kuukuu la jirani likabomolewa. Watu wakasema ghorofa inakuja, chini maduka, juu nyumba za kupanga. Mama Ndoo alifurahi.

"Wapangaji wapya wataoga," alimwambia mumewe. "Na anayeoga anahitaji ndoo."

Lakini kabla ya wapangaji, yalikuja mabati.

Wajenzi waliyasimamisha kuzunguka kiwanja chao, wakayasogeza mpaka ukingoni mwa barabara. Njia ya waenda kwa miguu ikamezwa yote. Mtu aliyetoka kituo cha basi alilazimika kushuka barabarani, katikati ya magari na pikipiki, ndipo afike kwenye maduka ya upande ule. Wengi waliona taabu. Walivuka, wakanunua ng'ambo.

Mtaro wa maji nao ukajaa mchanga na vifusi. Mvua iliponyesha, maji yalitafuta pa kupita, yakapaona dukani kwa Mama Ndoo. Sabuni zikaanza kuoga kabla hazijanunuliwa. Jua lilipowaka, vumbi likaja. Alifuta ndoo asubuhi, na kufikia adhuhuri nyekundu na bluu zote zilikuwa rangi moja ya kijivu.

Mama Ndoo alisonya mpaka meno yakamuuma. Akaenda kwenye geti la wajenzi. Alimkuta mlinzi.

"Wewe! Mmeifunga njia. Watu wapite wapi? Wapae?"

"Mama, mimi ni mlinzi tu."

"Unalinda nini hapa? Mchanga?"

"Ndiyo, mama. Nalinda mchanga."

Hakuwa anatania. Jambo hilo lilimuudhi Mama Ndoo zaidi. Kesho yake akaenda tena, akamfokea. Keshokutwa vilevile. Mlinzi akazoea. Alipomwona tu anakuja, alivua kofia na kuinamisha kichwa, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Jirani yao kinyozi naye alikwenda peke yake. Alimpata msimamizi wa wajenzi, wakazungumza, akarudi anacheka.

"Mambo yamekwisha," alitangaza. "Kanipa mkono kabisa. Kasema watafungua."

Hawakufungua. Kinyozi alipomfuata tena, aliambiwa msimamizi yule amehamishiwa kiwanja kingine. Huyu mpya hakujua habari ya mkono wowote.

"Sasa mimi nayang'oa haya mabati!" kinyozi alifoka. "Nayang'oa kwa mikono yangu!"

"Yatapita," fundi viatu alisema.

"Yatapita, yatapita!" Mama Ndoo alimgeukia. "Wateja ndio wamepita! Maji yamepita! Wewe ngoja tu, na sisi tutapita!"

Fundi akainama, akaendelea kugonga soli.

Asubuhi moja, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mama mkwe alikuwa njiani kuja dukani. Alipofika kwenye mabati alishuka barabarani kama kila mtu. Pikipiki ikaja kwa kasi nyuma yake, ikapiga honi. Alishtuka, akaruka pembeni. Mguu ukaingia kwenye mtaro uliojaa tope. Akaanguka chini na kuukalia mkono wake.

Mama Ndoo alisikia kelele, akakimbia. Alimkuta mlinzi amekwisha kumwinua bibi na kumkalisha kwenye tofali. Alikuwa akimpangusa tope usoni kwa kofia yake.

"Nimekufa?" mama mkwe aliuliza.

"Hujafa, mama."

"Basi mbona huyu analia?"

Kweli, mlinzi alikuwa akitokwa na machozi. Mama Ndoo alimtazama. Hata kumfokea hakuweza.

Hospitalini waliambiwa mkono umevunjika karibu na kiganja. Ukafungwa plasta ngumu. Daktari alisema ana bahati, maana wazee wengi wakianguka hivyo huvunjika nyonga na hawatembei tena.

Walimrudisha nyumbani, wakamlaza. Kisha Mama Ndoo akaenda dukani, akachukua ufagio mpya wenye mpini mgumu, akatoka. Hakuzungumza na mtu. Alifika kwenye mabati, akaanza kuyapiga. Paa! Paa! Paa! Watu wakajaa. Kinyozi akaja mbio.

"Nilisema! Tuyang'oe!"

"Ngojeni kwanza!" sauti ya mwanamke iliita.

Alikuwa Mama Pacha, mpangaji wa nyumba ya pili. Alikuwa amembeba pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, jasho linamtiririka. Wote walimfahamu kama mama wa mapacha wanaolia kwa zamu. Wachache walijua kwamba alikuwa afisa wa mipango miji katika mji wa jirani, na kwamba wakati huo alikuwa kwenye likizo ya uzazi.

"Mkiyang'oa, kesho polisi watakuja," alisema. "Nyinyi ndio mtakuwa wakosaji. Na njia itabaki imefungwa."

"Tufanye nini sasa?" Mama Ndoo alifoka. "Tumesema! Tumesema mpaka makoo yamekauka!"

"Mmemwambia nani?"

"Huyu mlinzi!"

"Ana uwezo wa kusogeza mabati?"

Mlinzi alitikisa kichwa.

"Dada, ukimfokea mlinzi unampigia mbuzi gitaa," Mama Pacha alisema. "Twende dukani kwako, kuna kivuli. Hawa watoto wananimaliza."

Waliingia ndani. Wengine walisimama mlangoni. Mama Ndoo alimpokea pacha mmoja, na hasira ikalazimika kupungua kidogo, maana huwezi kufoka huku umebeba mtoto aliyelala.

"Kujenga si kosa," Mama Pacha alianza. "Mji unakua, majengo yatakuja. Lakini kibali cha kujenga kina masharti. Mjenzi akiigusa njia ya waenda kwa miguu, lazima awape watu njia nyingine salama, iliyotengwa na magari. Hana ruhusa ya kuziba mtaro. Na vumbi anatakiwa alimwagie maji."

"Kumbe wanavunja sheria!" kinyozi alisema.

"Inaelekea hivyo. Ukaguzi ni kazi ya ofisi ya mipango miji ya hapa. Mmewahi kwenda?"

Walitazamana. Hakuna aliyewahi.

"Nendeni. Lakini msiende mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nendeni wenye maduka, wapita njia, wenye nyumba. Pigeni picha kwa simu: njia, mtaro, mahali alipoanguka bibi. Andikeni malalamiko yenu kwa ufupi, wote mtie sahihi, mbaki na nakala. Na msiseme tu kwamba mmekasirika. Semeni mnataka nini."

"Nataka waondoke," Mama Ndoo alisema.

"Hawataondoka. Taja jambo linalowezekana."

Mama Ndoo aliguna. Alifikiri. "Nataka mama mkwe wangu atembee mpaka hapa bila kuvunjika mkono wa pili."

"Hilo ndilo. Anza nalo."

Kundi zima lilikwenda ofisini. Kama mjuavyo ofisi, dirisha la kwanza liliwatuma la pili. La pili liliwarudisha la kwanza. La tatu lilikuwa limefungwa, mwenye dirisha amekwenda kunywa chai. Mama Ndoo alihisi damu ikimchemka. Alifungua mdomo, lakini kinyozi akamgusa bega.

"Mama, kumbuka. Huyu naye ni mlinzi wa mchanga."

Akacheka bila kupenda. Akauliza kwa upole, "Naomba kujua, ni nani hasa anayekagua majengo?" Wakaonyeshwa chumba. Mkaguzi alizitazama picha. Aliposikia habari ya bibi, aliweka kalamu chini. Akaahidi kuja kiwanjani. Mama Ndoo akamwuliza jina lake na siku atakayokuja, kama Mama Pacha alivyowafundisha.

Siku ilifika, mkaguzi hakuonekana.

"Si nilijua!" kinyozi alisema. "Twende tukayang'oe!"

"Twende ofisini tena," Mama Ndoo alijibu. Alisema hivyo meno yamebanana, lakini alisema.

Walirudi. Safari hii walimtaja mkaguzi kwa jina, mbele ya mkubwa wake. Mkaguzi akaja siku hiyohiyo, akifuatana na mhandisi wa wajenzi. Wakasimama mbele ya mabati. Mama mkwe alikuwa ameletwa na mwanawe, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Mkaguzi alipima njia, akachungulia mtaro, akatikisa kichwa.

"Hii haikubaliki," alimwambia mhandisi. "Sogeza mabati ndani. Jenga njia yenye paa na kingo. Zibua mtaro."

"Sawa," mhandisi alijibu. "Nitasogeza. Lakini afisa, hebu tazama upande wa pili. Nikiwapa watu njia, itawafikisha wapi? Itaishia kwenye mnara wa ndoo."

Watu wote wakageuka. Ndoo zilikuwa pale pale, juu ya njia, kutoka mlangoni hadi ukingo wa barabara. Karibu na ndoo kulikuwa na benchi la kinyozi, na mbele yake meza ya muuza mboga.

Mama Ndoo alipandwa na hasira mpya. "Mimi nimekuwa hapa miaka yote! Hakuna aliyewahi kuvunjika mkono kwa sababu ya ndoo zangu!"

Mkaguzi alikohoa. "Mama, njia ya waenda kwa miguu ni ya waenda kwa miguu. Si ya mjenzi, wala si ya mwenye duka."

Mama Ndoo alimtazama mumewe ili amtetee. Fundi alikuwa akikitazama kiti chake, ambacho nacho kilikuwa njiani. Kisha mama mkwe akasema.

"Mwanangu, nyani haoni kundule. Mimi kila siku hushuka barabarani kuzikwepa ndoo zako. Sikusema, kwa kuwa wewe ni mkwe wangu."

Yalikuwa maneno mazito. Mama Ndoo alitaka kubisha, akatafuta la kubishia, asilipate. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Fundi viatu alikuwa wa kwanza kusogea. Aliinua kiti chake, akakiingiza ndani ya mlango.

"Leo hakuna cha kungoja," alisema. "Nipe ndoo hizo."

Usiku huo hawakulala mapema, walikuwa wakibishana wapi pa kuweka vitu. Hatimaye fundi alipigilia ndoano ukutani na darini. Ndoo zikaning'inia kwa rangi, mabeseni yakapangwa kwenye rafu, mifagio ikasimama pembeni. Kinyozi aliingiza benchi lake. Muuza mboga alisogeza meza mpaka kwenye baraza lake.

Wajenzi nao walisogeza mabati, ingawa kwa kusukumwa. Mkaguzi alilazimika kurudi na kutishia kusimamisha kazi. Mwishowe njia ikajengwa, ina paa la mbao juu na kingo imara upande wa barabara. Mtaro ukazibuliwa na kufunikwa kwa zege. Mvua iliyofuata ilipita chini, ikaenda zake. Mama Ndoo alisimama mlangoni kuitazama, kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyempenda.

Wateja walirudi. Hawakurudi wote, maana wengine walikuwa wamezoea ng'ambo. Lakini waliokuja waliweza kuona duka lina nini, na wajenzi wenyewe wakaanza kununua ndoo za kubebea maji.

Plasta ilipotolewa, mama mkwe alisema atakwenda dukani peke yake. Fundi alitaka kumsindikiza. Akakataliwa. Alitembea chini ya paa, mkono uliopona ukishika ukingo, mkongojo mkono wa pili. Mama Ndoo alimwona kwa mbali na kujizuia asikimbie kumpokea.

Katikati ya njia bibi alisimama. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale, imejaza njia yote. Aliigonga kwa mkongojo.

"Hii ya nani?"

Muuza mboga aliinuka. Mlinzi alitoka getini. Mama Pacha alichungulia dirishani, pacha mmoja begani. "Ondoa!" wakaita kwa pamoja, na sauti ya Mama Ndoo ikazipita zote.

Mlango wa kinyozi ukafunguka. Kijana mmoja alitoka mbio, shuka la kunyolea shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu. "Samahani, bibi, samahani!" Aliisukuma pikipiki mpaka mwisho wa njia, huku mtaa mzima ukimcheka.

Mama mkwe alingoja mpaka njia ikawa nyeupe. Kisha akaendelea na safari yake.