Nyuzi Zilizochemshwa kwa Magadi

"Nani amegusa nyuzi zangu?"

Sabiti hakumkabili mtu. Aliuliza hewani, kidole kikiwa bado juu ya uzi mnene, huku spika ikimalizia kulia kama bati lililopigwa jiwe.

"Stoo hii hakuna aliyezigusa," alijibu Zakir, mfanyabiashara mwenye vyombo vya bendi. "Umekuja nazo mwenyewe, ndani ya kopo lako la maziwa."

Ilikuwa kweli. Shingo ya gitaa la zamani la besi ilipovunjika, Sabiti alizivua nyuzi zake akaenda nazo nyumbani Kambarage. Katika vyombo vyote vya bendi, nyuzi hizo ndizo pekee zilizokuwa mali yake. Alizipiga miaka na miaka mpaka zikawa nyeusi kwa jasho, na sauti yake ikawa nzito, fupi, isiyo na makali: sauti ambayo mcheza dansi haisikii masikioni, anaisikia magotini. Nyingine za kubadili hazikuwepo. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, duka gani la Shinyanga lingekuwa na nyuzi za besi?

Sasa mpaka ulikuwa umefunguliwa, na Zakir alikuwa amerudi kutoka Nairobi na magitaa mawili ya besi na amplifaya mbili, vyote vimekwishatumika, nyuzi za magitaa zimeliwa na kutu. Sabiti ndiye wa kwanza kuchagua. Vilivyobaki vingenunuliwa na bendi ya wachimbaji wa dhahabu huko Nyarugusu, upande wa Geita, ambayo mpiga besi wake alikuwa ameketi palepale juu ya gunia la chumvi akisubiri.

Jina lake Donatus. Aliinuka taratibu, akapitisha ukucha juu ya uzi, akautazama unga mweupe uliobaki kwenye ukucha.

"Zimechemshwa," alisema.

"Wanaotaka nyuzi zao zilie upya ndio huchemsha. Mimi sichemshi."

"Basi yuko aliyekuchemshia. Tena kwa magadi. Wengine hutia sabuni. Wa magadi nimemwona mmoja tu maishani."

"Nani?"

Donatus akarudi kuketi kwenye gunia, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Binti mmoja wa kijiji cha Didia. Zamani, nilipokuwa napiga hapa mjini kabla sijaingia mashimoni. Alinichemshia kwenye sufuria ya maharage. Chausiku."

Zakir akakohoa, akaanza kupanga betri zilizokuwa zimekwishapangwa.

Sabiti aliliegemeza gitaa ukutani kwa upole wa kutisha. Akaenda mezani, akainua simu. Sauti aliyoijua ikatoka upande wa pili, ya kazini, haina chumvi wala sukari.

"Simu. Nikupe wapi?"

"Nipe wewe."

"Sabiti? Niko kazini."

"Nani alikufundisha kuchemsha nyuzi?"

Nyuma ya Chausiku opereta mwingine alisikika akiita Mwanza, Mwanza, bila kujibiwa.

"Umeziona," alisema Chausiku. "Nilitaka ufurahi. Zilikuwa nyeusi kama masizi."

"Nimekuuliza nani."

"Unauliza kitu unachokijua. Yuko hapo?"

"Yuko hapa. Amekaa juu ya gunia la chumvi ananisimulia sufuria ya mke wangu."

"Nilikuambia palikuwa na mtu kabla yako."

"Uliniambia mchimba dhahabu!"

"Si ndiye huyo? Ni mchimba dhahabu."

"Hukusema anapiga besi!"

"Uliuliza dini yake. Ukauliza kama alileta mahari. Hukuuliza anapiga nini."

Damu ilimpanda Sabiti mpaka masikioni. "Kwa hiyo mimi ni nani, kiraka? Mpiga besi mmoja alikutoroka, ukaokota mwingine?"

"Laini inahitajika, bwana."

"Chausiku! Ukitoka kazini usiende nyumbani. Panda gari uende kwa mama yako, Didia. Nitakuita nikitaka, au nitakuandikia talaka!"

Simu ikakatika. Hakujua kama neno la mwisho lilifika. Alisimama akitazama chombo cha simu, na hasira iliyomshika kwa nguvu ikaanza kumwacha mapema, ikamwachia uchovu mtupu.

"Pole," alisema Donatus. "Sikujua ni mkeo. Ningejua ningefumba mdomo."

"Usinipe pole."

"Sasa jamani," aliingilia Zakir, "ndoa ni yenu, vyombo ni vyangu. Bwana Sabiti, unachukua gitaa lipi?"

Sabiti akajilazimisha kusikiliza. Alilirudia lile jekundu lenye nyuzi zake, jembamba, mbao tupu mwili mzima. Lililia kama panga. Akazihamishia kwenye la kahawia, fupi, lenye tumbo la wazi ndani. Hilo lilikuwa na joto, lakini nyuzi zilipiga kelele juu ya joto hilo. Akahamisha waya kutoka amplifaya mpya ndogo kwenda kwenye ile kongwe, yenye taa ndani zinazochelewa kupata moto na spika moja pana kama sinia. Kelele zikapungua, hazikwisha.

"Lile jekundu na ile amplifaya ndogo mimi ndiyo navitaka," alisema Donatus. "Niambie ukweli, wewe unapenda hii kongwe?"

"Naipenda."

"Mimi siisikii. Baruti za mashimoni zimenila masikio. Sauti ya chini imekwenda, nasikia makali tu." Akatoa mfukoni nyuzi zake, zimeviringwa, nyeusi tii. "Zimenifia hizi. Huko maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, hakuna wa kunichemshia."

Sabiti alizitazama kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Hakutaka kuomba. Donatus akamtupia.

"Jaribu wewe, bhebhe. Hazing'ati."

Akazivua zile za magadi, akazifunga hizo kwenye gitaa la kahawia. Akapiga noti moja. Makopo ya rafuni yakatetemeka bila kulia. Ndiyo. Ile ile. Sauti yake, kutoka kwenye nyuzi za mtu aliyelala moyoni mwa mke wake kabla yake.

"Shikamoo, Bwana Zakir."

"Marahaba, mama."

Chausiku alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, sare ya kazi imekunjamana. Alama ya kisikizio cha simu ilikuwa bado imejichora kwenye nywele zake.

"Nilikuambia uende Didia," alisema Sabiti.

"Nimetoka zamu, nikalitazama gari la Didia likiondoka. Sabiti, mimi kutwa nzima nasikia watu wakigombana kwenye waya, na wote wanasema maneno yale yale. Nimechoka. Ukitaka kuniacha, niache ana kwa ana." Akageuka. "Donatus, hujambo?"

"Sijambo. Umekonda."

"Na wewe umezeeka. Mwambie mume wangu ulivyoniaga."

Donatus akakuna shingo. "Sikumwaga. Nilisikia duara limetoa dhahabu, nikadandia lori. Basi."

"Na nyuzi ulizitaka ziweje?"

"Kali. Nilitaka wasichana wa mlangoni wanisikie kabla hawajanunua tiketi."

"Umesikia?" Chausiku alimrudia mumewe. "Huyo ndiye mpiga besi niliyemjua. Nikadhani wapiga besi wote ndivyo mnavyotaka. Wewe unataka nini? Niambie, maana sijui."

"Hujui? Umekaa na mimi miaka yote hii!"

"Najua unavyokoroma. Najua ukiona bamia unanuna. Besi yako siijui. Harusi haijapoa ukasema mkeo haendi dansini. Sikwenda. Ulirudi umechoka, nikakufungulia mlango, ukalala. Siku moja ulinipigia simu kutoka hapa hapa ukaniambia nisikilize. Nilisikiliza, Sabiti, mpaka bosi akanigombeza. Besi haipiti kwenye simu. Nilisikia kucha zako tu."

Sabiti aliketi, akaliweka gitaa mapajani. Alikumbuka alivyolisema lile neno, mke wangu haendi dansini, mbele ya wenzake wa bendi, na walivyompigia makofi.

"Kaa," alisema.

"Wapi?"

"Hapo kwenye gunia. Donatus, mpishe."

Akapiga. Hakupiga wimbo, alitembea tu, noti moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayerudi nyumbani na mzigo. Chausiku aliinamisha kichwa kama anavyofanya laini ikiwa mbovu. Halafu akainua kichwa, akaweka kiganja chini ya shingo.

"Iko hapa," alisema. "Haiko sikioni. Hii ndiyo unayopiga kila Jumamosi?"

"Hii."

"Na mimi nimeichemsha."

"Umeichemsha."

"Nisamehe. Nilikesha na ile sufuria nikijiona mke mwema."

Sabiti akazima amplifaya. "Mimi nilikuzuia kusikia, halafu nikakulaumu kwa kutosikia."

"Na kiraka?"

"Nilisema kwa hasira."

"Nataka kulijibu. Nilipojua unapiga besi nilikaribia kukukataa. Nilisema, mwingine tena wa lori. Nilikukubali kwa sababu ulikuwa unarudi. Umechoka, umenuna, lakini unarudi."

Zakir, aliyekuwa akijifanya hasikii, alipiga makofi mara moja. "Vizuri! Sasa ni rahisi. Donatus achukue hizo za magadi, Sabiti abaki na hizo nyeusi. Kila mtu apate sauti yake, nifunge duka."

"Mimi sina neno," alisema Donatus. "Nitafurahi sana."

Sabiti alilitazama gitaa la kahawia mapajani. Jumamosi palikuwa na dansi. Angeweza kuwa na sauti yake kamili, leo hii, bila kusubiri. Akaanza kulegeza vigingi, uzi mmoja baada ya mwingine, akamrudishia Donatus nyuzi zake.

"Hapana. Hilo ni jasho lako." Akaanza kuzifunga tena zile za magadi. "Hizi amechemsha mke wangu. Zitachakaa mikononi mwangu."

"Umekataa kwa hasira?" aliuliza Chausiku.

"Kwa hasira kidogo."

"Zitachukua muda gani kuchakaa?"

"Miezi. Kama nikizipiga kila siku."

"Kila siku wapi?"

"Hapa haiwezekani," alisema Zakir upesi, "na vyombo havitoki stoo. Hiyo ndiyo sheria ya bendi, toka mwanzo."

Chausiku akavuta mkoba begani. "Bwana Zakir, Nairobi unaitaka kila asubuhi. Ni nani anayekuwekea laini wakati wengine wamepanga foleni?"

Zakir alimtazama, akatazama simu, akatazama dari.

"Gitaa tu," alisema. "Amplifaya inabaki."

Walitoka jua likiwa bado kali, Sabiti amebeba gitaa begani kama jembe, mkewe kando yake. Donatus aliwapungia mkono kutoka mlangoni, mkono mwingine ukiwa umekumbatia lile gitaa jekundu.

"Lile neno la kwenye simu," alianza Sabiti walipovuka reli. "La talaka."

"Lipi? Laini ilikuwa imekwishakatika."

Sabiti alijua anamdanganya. Hakuwa na nguvu za kumshukuru kwa maneno, akamchukulia mkoba.

Nyumbani Chausiku alibandika maharage, akakaanga vitunguu, akaja kuketi kitandani, vidole vinang'aa kwa mafuta. Sabiti alikuwa akipiga bila umeme, ubavu wa gitaa umegusa tumbo lake.

"Nipe na mimi," alisema Chausiku.

"Mikono ina mafuta."

"Si unataka zichakae?"

Akamsogezea. Chausiku aliupiga uzi mnene, mara moja, kisha tena, akausugua kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini.

"Bado kali?"

"Kali sana," alisema Sabiti, akaegemeza kichwa chake begani kwa mkewe na kufumba macho. "Endelea."