Kadi Ndogo ya Chumba cha Eksirei

Babu mzaa baba wa Inspekta alikuwa mhunzi ambaye jembe lake halikurudishwa na mkulima hata mmoja. Baba yake alikuwa mpima ardhi, na mipaka aliyoiweka haikutenguliwa na mahakama yoyote. Katika ukoo huo, neno "takriban" lilihesabiwa kuwa uvivu. Kwa malezi hayo Inspekta aliingia chumba cha eksirei saa mbili asubuhi, akavaa glavu, akataka kwanza kujua kilichoibwa ni kitu gani na kina kazi gani.

Ilikuwa kadi ya michoro, kibao kidogo ndani ya kompyuta kinachoipa skrini picha. Bila hicho, skrini ilikuwa giza tupu. Wodini alilala mama aliyevunjika nyonga, akiugulia tangu jana, na daktari wa upasuaji alikataa kushika kisu kabla ya kuuona mfupa.

"Sipasui kwa kubahatisha," alisema.

Jambo la ajabu ni kwamba juu ya kompyuta mwizi aliacha kadi nyingine: mpya, ndefu, yenye feni mbili, ya bei mara tatu ya ile iliyochukuliwa. Konstebo aliyefuatana naye alinong'ona kwamba mwizi wa namna hiyo angemkaribisha kwake, achukue redio na kuacha televisheni. Inspekta hakucheka. Alimgeukia fundi wa kompyuta, ambaye hospitali nzima ilimwita Bisibisi.

"Hii haiwezi kutumika?"

"Haiwezi, afande. Kompyuta hii ni ya zamani. Kisanduku chake cha umeme ni cha wati mia mbili na arobaini tu, na kadi hiyo inadai waya wake wa umeme, ambao humu haumo. Hata kifuniko hakitafunga. Ile ndogo nilipima wiki nzima kabla ya kuiagiza."

"Nani mwingine alivijua vipimo hivyo?"

"Hakuna. Labda aliyesoma barua yangu ya maombi."

"Iko wapi?"

"Masjala."

Karani wa masjala alikuwa mzee nadhifu, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Daftari lilionyesha kwamba jalada lile halikuazimwa na mtu. Hata hivyo, ndani ya barua, chini ya maneno "isiyohitaji waya wa ziada", palikuwa na mstari mpya wa penseli, ulionyooka kwa rula kama mistari ya daftari la karani. Inspekta aliweka mezani mfuko wa vielelezo wenye ile kadi kubwa.

"Mzee wangu, tukilinganisha alama za vidole, tutazikuta za nani?"

Mzee alivua miwani. Alieleza kwamba binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa usanifu majengo, na kompyuta ya nyumbani, kuukuu kama hii, ilishindwa kufungua michoro yake. Kesho yake, Ijumaa, chuo kingefunga kupokea kazi za wanafunzi, na asiyewasilisha hafuzu. Kadi ile kubwa aliinunua kwa kuvutiwa na boksi, na muuzaji akakataa kuipokea tena. Kumuuliza Bisibisi aliona haya, kwa kuwa ni rika la kitinda mimba wake.

"Ulijua kuna mgonjwa anasubiri?"

"Majalada ya wagonjwa wote hupita mikononi mwangu."

"Na ulijua hii kubwa haitawaka hapa?"

"Nilijua, mwanangu."

"Basi uliiacha ya nini?"

"Ili nisiitwe mwizi."

Nyumbani kwa mzee walimkuta binti mbele ya skrini, akichora ngazi za jengo. Alimwona baba yake katikati ya askari wawili, akafahamu. Alizima kompyuta, akafungua skrubu kwa mkono wake mwenyewe, akaitoa kadi.

"Zilibaki ngazi tu, baba," alisema.

Saa sita mchana daktari aliuona mfupa. Ijumaa ikapita, na michoro haikufika chuoni.

Enyi vijana, tegeni masikio. Kitu cha mtu ukikichukua bila ruhusa umeiba, hata ukiacha dhahabu mahali pake. Na kabla ya kununua, fungueni kompyuta zenu: pimeni nafasi, someni wati, tazameni waya. Msichokijua, muulizeni anayejua, hata kama ni mdogo wenu. Mzee yule alishindwa kuuliza swali moja mahali pale pale pa kazi, na aliyelipa ni mtoto wake. Nawaagiza, mkaulize leo.