Ndama Mnene wa Sally

Bethwel alipenda mahindi ya kuchoma. Alikula hindi moja kila alasiri, akitoka kuchuma chai. Siku moja aliona damu kwenye gunzi. Ufizi wake ulikuwa ukivuja. Alilitupa motoni haraka ili mkewe, Sally, asilione.

Sally alikuwa ameliona. Mwaka huo wa 1994 watu walinong'ona sana kuhusu ugonjwa usio na dawa. Wiki mbili nzima Sally aliogopa hata kuuliza. Mwishowe alimkokota mumewe hadi hospitalini.

Daktari alimpima Bethwel damu. "Huna ugonjwa unaouogopa," alisema. "Umekosa vitamini C. Kula matunda na mboga za kijani."

Sally alimshukuru Mungu, lakini alifika nyumbani amefura kwa hasira.

"Mboga? Sisi tunakula mboga kila siku!" alimwambia jirani yao Drusilla, nesi wa zahanati. "Isagek, mgagani wetu huu, najichumia mwenyewe kwa shamba ya mahindi."

"Basi pika nione, Mama Chepchirchir."

Sally aliyakata majani, kisha akayaosha. Alitia magadi ili yalainike. Yalipochemka, alimwaga maji na kutia mengine. Alifanya hivyo mara tatu ili uchungu utoke, kama alivyofundishwa na mama yake. Maji yale ya kijani aliyamimina kwenye ndoo ya ndama. Ndama alikunywa yote, akalamba na ndoo.

Drusilla alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ndio maana ndama wenu ananona! Yeye ndiye anakula mboga. Baba Chepchirchir anakula makapi."

Bethwel hakucheka. "Sista, hebu nieleze vizuri."

"Jani la chai likipondwa, linakuwa aje?"

"Linageuka rangi. Linakuwa kahawia."

"Ni hewa inafanya hivyo. Hata mwili huchakaa polepole kwa njia kama hiyo. Mboga za pori ziko na vitu vingi vya kupunguza uchakavu. Vitamini C ni kimoja, na hiyo pia huimarisha ufizi. Lakini moto mrefu huiharibu. Magadi pia. Tena huingia kwa maji. Ukimwaga maji, umeimwaga."

"Na uchungu je?" Sally aliuliza.

"Kwani maziwa mmekosa?"

Tangu siku hiyo Sally aliosha majani kabla ya kuyakata. Alitumia maji kidogo, bila magadi, na hakuyamwaga. Majani yakiiva kidogo tu, alitia maziwa na kuepua. Baada ya chakula walikula mapera.

Wiki nne zikapita. Alasiri moja Bethwel aling'ata mahindi yake, akamnyooshea Sally gunzi.

"Angalia."

Sally aliligeuza huku na huku. Lilikuwa safi. Alicheka huku machozi yakimtoka, maana sasa hakuwa na haja ya kuyaficha.

Nje, ndama alikuwa akilia kando ya ndoo tupu.

"Wewe enda ukule nyasi," Sally alimwambia. "Mwenye mboga amepona."