Mkono Alioshonea Loyce

Asubuhi nyumbani kwa kina Loyce, pale Kinampanda, ilikuwa na utaratibu wake, na aliyeuvunja alijibu kwa bibi. Loyce alifagia uwanja, akafungulia kuku, akasuuza vyombo, kisha akayamimina yale maji ya kusuuzia kwenye kidumu cha kwenda nacho shuleni. Kiangazi cha Singida hakina huruma, na upepo wake hunyonya maji ardhini kuliko ng'ombe kisimani. Mtoto mwenye akili hamwagi maji ovyo.

Kazi ya mwisho ilikuwa kumpelekea bibi uji.

"Mkono," bibi alisema, hata kabla ya kuinua macho.

Loyce alijikuta ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Akakihamishia wa kulia haraka na kupiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Darasa la sita sasa, na bado nakukumbusha."

Bibi Stumai hakuwa mtu mbaya, ila katika jambo hilo alikuwa hana masihara. Loyce alizaliwa akitumia mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo, bibi aliufunga mkono huo kwa kipande cha kanga kila wakati wa kula, mpaka mtoto akazoea. Kula ni kwa kulia, kusalimia kwa kulia, kupokea kwa kulia. Hata kalamu alifundishwa kuishika kwa kulia, na mwandiko wake ukawa kama kuku aliyepita kwenye majivu. Lakini huwezi kuufukuza mkono ambao mtu kazaliwa nao. Loyce akiwa peke yake nyuma ya jiko, akipata sindano na vipande vya vitambaa, mkono wa kushoto ulifanya kazi utakavyo. Ulishona vishikio vya sufuria, vifuko vya mbegu, hata kofia ya mdoli, na kazi ilitoka safi.

Vipande vile alivipata kwa mama yake, Eliza, ambaye alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomponza.

Mambo yalianzia kwenye bustani ya shule. Kuku wa majirani walikuwa wameufyeka mchicha wote, na kilichobaki mbuzi wakamalizia. Mwalimu Emilian, msimamizi wa bustani, alisimama mbele ya darasa la sita akiwa amekunja uso.

"Mimi si mfugaji wa kuku wa watu," alisema. "Kila mmoja wenu abuni njia ya kuotesha mboga ambayo kuku hawaifikii. Mtengeneze wenyewe, kwa mikono yenu, kwa vitu vilivyotupwa. Itakayofaa zaidi tutaitumia shule nzima, na mwenyewe ndiye atakayewafundisha wengine."

Wenzake walileta ndoo zilizotoboka, madumu ya mafuta na matairi. Benson alipanda sukuma wiki kwenye ndoo, akaitundika kwenye tawi, na mwalimu akaisifu. Loyce yeye alichukua kiroba kilichowahi kubeba mashudu ya alizeti, akakichana kikawa kipana, kisha akakishonea mifuko midogo kutoka juu mpaka chini. Aliipanga kwa kupishana, ili maji yakimiminwa kwenye mfuko wa juu yachuruzike mpaka wa chini kabisa. Uzi aliufumua kwenye kiroba kingine. Midomo ya mifuko aliizungushia vitenge ili isichanike. Alikitundika ukutani nyuma ya ofisi, akajaza udongo na samadi, akapanda chainizi na mchicha, na kila siku akamwagilia kwa maji ya kile kidumu chake.

Mboga zikaota, tena kwa fujo. Kuku walikuja, wakasimama chini wakitazama juu, wakaondoka. Loyce alifurahi moyoni mpaka akaona aibu kucheka peke yake.

Siku mwalimu alipotaka kumtaja mshindi, Benson alinyoosha mkono.

"Mwalimu, ile si kazi ya mwanafunzi. Mama yake ni fundi. Hata vile vitenge vimetoka kwa mama yake. Wewe ulisema tutengeneze wenyewe."

Darasa likaanza kunong'ona. Loyce alihisi masikio yakimwaka moto. Mwalimu Emilian akamwita ofisini.

Ofisini walikuwepo walimu wengine wakisahihisha madaftari. Mwalimu Emilian alimpa kipande cha kiroba na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. "Nishonee hapa kama ulivyoshona kule."

Loyce alipokea kwa mkono wa kulia huku amepiga goti, kama alivyolelewa. Walimu wote walikuwa wameacha kazi na kumwangalia. Kuhamishia sindano kushoto mbele ya wakubwa wote wale? Hakuthubutu. Akashona kwa kulia. Mishono ikapinda, uzi ukajifunga, na mwishowe shazia ikamchoma kidole.

Mwalimu alikiinua kile kipande, akakitazama, akashusha pumzi. "Loyce, mama amekushonea?"

"Hapana, mwalimu. Nimeshona mwenyewe."

"Kwa mkono huu?"

Hapo ndipo Loyce alipokosea. Jibu lilikuwa limemjaa mdomoni, lakini kusema "kwa kushoto" mbele ya walimu kulionekana kama kuwatukana. Akanyamaza, na ukimya wake ukamshuhudia vibaya.

"Ijumaa mstarini utasema kweli na kuomba radhi," mwalimu alisema. Hakupaza sauti, na hilo liliuma zaidi. "Ukiomba radhi, mboga zitabaki ukutani, tutasema mama yako ametusaidia. Ukikaidi, nitazing'oa. Sifundishi bustani iliyopandwa juu ya uongo."

Jioni ile Loyce alisimulia kila kitu huku analia kwa hasira. Mama yake alikuwa amechoka, miguu imemvimba kwa kukanyaga cherehani kutwa nzima.

"Nitakwenda kuongea naye," mama alisema.

"Watasema unanitetea."

"Basi sema tu ni mimi, mwanangu, yaishe. Mboga zako zipone. Ni maneno tu hayo."

Loyce aliacha kulia. "Siwezi, mama. Sasa hivi wananiita mwongo na si kweli. Nikisema ni wewe, itakuwa kweli."

Bibi alikuwa pembeni akipepeta mtama. "Walipokupa sindano," aliuliza, "ulishonea mkono gani?"

"Wa kulia, bibi. Walikuwa wakubwa."

Ungo ulisimama kidogo. Kisha bibi akaendelea kupepeta, na Loyce hakujua kama amekasirika.

Ijumaa asubuhi Loyce alifagia, akafungulia kuku, akampelekea bibi uji kwa mkono wa kulia, goti chini, bila kukumbushwa. Halafu hakuinuka.

"Bibi, leo nitatumia mkono wa kushoto mbele ya walimu. Ukitaka kunichapa, nichape nikirudi."

Bibi alimtazama mjukuu wake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Kanywe uji wako," alisema. "Utachelewa."

Mstarini upepo ulikuwa unapeperusha vumbi. Mwalimu Emilian alimwita Loyce mbele, naye akaenda. Shule nzima ikakaa kimya kungoja radhi.

"Mwalimu, naomba shazia," Loyce alisema.

"Nimekuita uombe radhi."

"Siombi radhi kwa kosa ambalo sikulifanya, mwalimu." Akaonyesha kule nyuma ya ofisi. "Ukitaka kung'oa mboga, ng'oa. Ila kwanza nishone hapa, kila mtu aone."

Wanafunzi waliguna. Mwanafunzi kumjibu mwalimu mstarini si jambo la kila siku. Mwalimu Emilian alikunja uso, na Loyce aliona wazi kuwa anafikiria kumrudisha kwenye mstari. Lakini mwalimu hakuwa mtu wa kuogopa kujua. Akamtuma Benson ofisini, naye Benson akarudi na kipande cha kiroba, uzi na shazia.

Loyce alipokea kwa mkono wa kulia na kupiga goti, maana adabu ni adabu. Kisha, shule nzima ikitazama, akaihamishia shazia kushoto.

"Samahani, mwalimu. Siku ile nilishonea mkono wa kupokelea. Wa kazi ni huu."

Akaanza kushona. Shazia iliingia na kutoka bila kusita, uzi ukafuata, na mishono ikajipanga sawasawa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Alikunja pembe, akapiga fundo, akakata uzi kwa meno. Kilikuwa kifuko kidogo kamili, nacho alimkabidhi mwalimu.

Mwalimu Emilian alikipokea. Aliondoka mstarini, akaenda nyuma ya ofisi, na wanafunzi wakamfuata bila hata kuambiwa. Akakiweka kile kifuko kando ya ile mifuko ya ukutani na kuinama karibu. Mishono ya vyote viwili ililala upande mmoja. Akachukua shazia akashona kidogo yeye mwenyewe, kwa mkono wa kulia, na mishono yake ikalala upande wa pili. Akamwita Benson naye ajaribu. Ya Benson ilikuwa mibaya sana, lakini nayo ililala upande ule wa mwalimu.

"Mama yako anatumia mkono gani?" mwalimu aliuliza.

"Wa kulia, mwalimu. Tena anatumia cherehani."

Watu wakacheka, na mwalimu mwenyewe akatabasamu kidogo. Kisha akageuka kuwatazama wote.

"Nisikilizeni. Mwenye kuomba radhi leo ni mimi. Nilimpima mtoto huyu bila kumuuliza anafanyaje kazi, nikamhukumu kwa kunyamaza kwake. Loyce, nisamehe." Akawageukia tena wanafunzi. "Kila siku nawafundisha kwamba aliyedanganya aombe radhi. Leo shikeni na hili: aliyesema kweli asikubali kosa lisilo lake ili tu watu wamwache apumzike. Loyce angeweza kuziokoa mboga zake kwa uongo mdogo, tena mimi ndiye niliyempa nafasi. Akakataa. Kukataa kule ni kazi ngumu kuliko kushona."

Benson alijisogeza karibu, akichora chini kwa kidole cha mguu. "Nisamehe. Sikujua kama unashona."

"Hukuuliza," Loyce alimjibu. Hakuona haja ya kulainisha neno hilo. Lakini wiki iliyofuata, alipoanza kuwafundisha wenzake, Benson alikuwa wa kwanza kupewa shazia, na wa kwanza kujichoma. Kabla ya masika ukuta mzima wa ofisi ulikuwa umevaa mifuko, yenye vitenge vya kila rangi, na wapishi wa shule wakawa wanachuma mboga wakiwa wamesimama wima.

Nyumbani bibi hakuwa amemchapa. Alichosema siku ile ya Ijumaa, baada ya kusikia habari yote, ni kwamba ukuta wa jiko lake nao uko wazi na kuku wamemchosha. Kwa hiyo Loyce alikaa katikati ya uwanja, si nyuma ya jiko tena, akashona kwa mkono wa kushoto wapita njia wakimwona. Alipomaliza alipiga goti na kumpa bibi kazi yake kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyotoa kitu cha heshima.

Bibi alipapasa mishono kwa kidole gumba, taratibu, kutoka juu mpaka chini.

"Chakula bado ni kwa kulia," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na kazi, fanya kwa mkono uliopewa kuifanyia. Nilikufunga mkono nikidhani nakufunza adabu, kumbe siku ya shida nilikuwa nimekufunga na mdomo." Akaitandaza ile mifuko magotini. "Mtu akikuita tena mwongo kwa kazi uliyoifanya mwenyewe, mjukuu wangu, usingoje Ijumaa."