Moto wa Mama Breki

"Soma kwa sauti, kaka. Mwenyewe asikie."

Fundi rangi aliishika simu ya mkewe kama mtu aliyeokota waya asijue kama una umeme. Dada yake alikuwa pembeni, mikono kifuani, kama hakimu aliyekuja na hukumu kutoka kwake.

"'Mama, usiku ulikuwaje?'" Fundi alisoma. "'Moto ulikupanda mara ngapi? Ulilala bila shuka kama nilivyokushauri? Nasubiri jibu.'"

Mama Breki, aliyeisahau simu nyumbani asubuhi, ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa udereva, maana hakuna aliyewahi kugonga kitu yeye akiwa kiti cha pembeni. Aliweka mkoba mezani, akavuta kiti, akakaa.

"Namba yenyewe haina jina," Fundi alisema. "Umenihama, unalala chumba cha wageni. Nikikugusa unausukuma mkono wangu. Kumbe kuna mtu anakuuliza habari za shuka."

"Lisemwalo lipo," dada mtu alidakia.

"Lipo kweli, wifi," Mama Breki alijibu. "Nipe simu, mume wangu."

Hakupandisha sauti. Aliipiga namba ileile, akaweka spika, akailaza simu katikati ya meza. Ikapokelewa na sauti nzito ya kiume.

"Mama, nilikuwa nakuwaza. Jana umenyamaza kabisa."

Wifi alijipiga paja. Fundi akafumba macho.

"Niko na mume wangu na wifi yangu, wanakusikia," Mama Breki alisema. "Wanataka kujua wewe ni nani, na moto wangu unakuhusu nini. Nimekuruhusu, sema yote."

"Sawa, mama. Shikamooni. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wanawake. Mama hedhi imekoma, na anapata joto la ghafla. Linampanda kifuani mpaka usoni, analowa jasho. Daktari amemwandikia vidonge, na kazi yangu ni kufuatilia kama joto linapungua na kama dawa haimletei shida nyingine."

"Ahsante, mwanangu. Jibu lako nitakutumia."

Simu ilipokatwa, wifi alisimama na kujifunga kanga vizuri.

"Nimekumbuka nguo zangu ziko kambani."

"Wahi, wifi, zisije zikanyeshewa," Mama Breki alimwambia, na nje jua lilikuwa linachoma.

Wakabaki wawili.

"Mbona hukuniambia?" Fundi aliuliza.

"Nilikuambia. Ulikuwa unaosha brashi zako hapo uani. Nikasema, mume wangu, kuna joto linanipanda, usiku silali. Ukanijibu mama yako alizaa wanane na hakuwahi kulalamikia joto."

Fundi alikumbuka. Hata rangi aliyokuwa akiiosha siku ile aliikumbuka.

"Nikabeba mto wangu," mkewe aliendelea. "Sikukuchukia. Wewe unanikumbatia, na mimi nawaka kama pasi. Nilikusukuma nipate hewa."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe. Ila chumbani sirudi kwa neno moja. Jifunze kwanza."

"Nijifunze nini?"

"Mimi."

Kesho yake, baada tu ya chai ya asubuhi, Mama Breki alikuwa kiti cha pembeni, mwanafunzi anarudisha gari nyuma, joto likampanda shingoni. Akashusha kioo. Simu ikalia, ujumbe kutoka kwa Fundi:

"Mwalimu, hali ya hewa ikoje huko?"

"Jua kali. Limeanza nilipomaliza chai."

"Kesho chai ipoe kwanza. Kidonge umemeza?"

"Nimemeza. Wewe umekula?"

Mama Breki alicheka peke yake. Mwanafunzi akakanyaga breki kwa hofu.

"Nimekosea, mwalimu?"

"Hujakosea. Endelea, haya ni ya nyumbani."

Jioni hiyo Fundi alikokota godoro dogo, akalitandika sakafuni kando ya kitanda cha wageni.

"Sitakugusa," alisema. "Nimekuja kusikiliza."

Mama Breki alimtazama, akamrushia mto.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika walikwenda pamoja. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza dawa inaendaje.

"Nataka kuiacha," Mama Breki alisema. "Joto bado linakuja, na likija ni lilelile."

Fundi alikohoa kidogo.

"Daktari, naomba niseme. Ukali ni uleule, lakini haliji tena kila mara. Nilipoanza kulala naye chumba kimoja, alikuwa anaamka, anabadilisha gauni, analala, anaamka tena. Siku hizi akilala ni mpaka kunakucha. Na anakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma, mke wangu, kama ile mashine yangu ya kupulizia rangi. Nalala macho nakusikiliza, namshukuru Mungu."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha, kuhakikisha dawa haijadhuru ini, akauliza kuhusu tumbo na mwasho, akamkagua macho, akasoma majibu ya damu iliyopimwa asubuhi hiyo.

"Damu yako iko vizuri," alisema. "Endelea na vidonge. Ukitaka kuacha, uje tuzungumze kwanza. Na huyu shahidi wako uje naye tena."

Walitoka nje, Mama Breki akitangulia kwa haraka. Walipofika kwenye gari, Fundi alimuuliza.

"Umekasirika?"

"Nimeshangaa. Mwili wangu mwenyewe, na wewe ndiye uliyejua unapata nafuu." Alimkagua juu mpaka chini. "Mgongo hauumi pale sakafuni?"

"Unauma sana."

"Na umenyamaza?"

"Nilijua bado sijafaulu."

Mama Breki aliushika mkono wa mumewe mchana kweupe, watu wanapita, na hakuuachia.

"Leo panda kitandani," alisema. "Lakini mkono mmoja ndio unikumbatie. Mwingine unipepee."

"Nikichoka?"

"Utabadilisha mkono."