Siku Kamanda Alipokimbia

Msusi wa ng'ambo ya barabara anasema alimwona kwa macho yake mwenyewe. Anasema Diwani, yule mzee aliyepigana vita na watu wakamwita Kamanda, alitoka karakana ya fundi mageti akitimua mbio, fimbo kaiacha nyuma.

"Kisa kipande cha chuma!" anawaambia wateja wake. "Shujaa gani huyo, jamani? Na kura zetu tunampa!"

Mke wa fundi alikuwepo. Yeye anajua mambo yalivyokuwa.

Asubuhi hiyo mumewe alikuwa anachomelea bati la mlango. Yeye alikuwa anapiga msasa dirisha. Upepo ulikuwa unalipeperusha lile bati, basi fundi akaligandamiza kwa chuma chake kizito. Alikinunua pamoja na vyuma chakavu. Kilikuwa na ncha mbele na mapezi nyuma, kama samaki. Walikizoea mno. Hata misumari iliyopinda waliinyooshea juu yake kwa nyundo.

Kamanda akaingia.

"Hodi, wanangu! Geti langu ni la mwaka huu au la mwakani?"

"Kesho, Mheshimiwa," fundi akacheka. "Kesho ya kweli."

Mzee hakucheka. Alikuwa ameinamisha macho. Cheche za moto zilikuwa zinakirukia kile chuma.

"Zima mashine," alisema taratibu.

"Unasemaje, baba?"

"Zima! Hilo ni bomu. Bado halijalipuka."

Mke wa fundi aliangusha msasa. Jana yake tu alikisukuma chuma hicho kwa teke, akifagia.

"Basi ngoja nikakitupe shimoni," fundi akasema, kashainama.

Kamanda akamdaka ukosi wa ovaroli.

"Mwanangu, vitani rafiki yangu alisema hivyohivyo. Tulichozika kilienea kwenye kofia yake."

Fundi akarudisha mkono nyuma.

"Likiota kutu ndiyo hatari zaidi," mzee akaendelea. "Usiliguse. Usilisogeze. Usiwashe moto karibu. Ondoka, zuia watu, ita polisi. Haya, tokeni! Polepole."

Walitoka. Mzee alitoka wa mwisho. Na hapo ndipo alipokimbia, ni kweli. Alivuka barabara akichechemea, akaingia saluni, akamtoa msusi na wateja wake, mmoja bado ana povu kichwani.

Polisi walikuja, wakafunga barabara kwa kamba, wakawaita wataalamu wa jeshi. Bomu lilikwenda kulipuliwa kwenye machimbo yasiyo na watu. Hata kutoka huko mbali, mshindo wake ulitikisa vioo vya saluni. Fundi alikaa chini vumbini, akashika kichwa.

Siku hizi fundi hanunui chuma asichokijua. Wauza vyuma chakavu nao wamefundishwa. Juzi mmoja wao aliona kitu chenye mapezi kwenye rundo lake. Hakukigusa. Alizuia watu, akapiga simu polisi. Jioni alikula na wanawe.

Lakini msusi bado anasimulia. Jana mke wa fundi alimkuta katikati ya hadithi, saluni imejaa vicheko.

"Shoga," alimwambia, "wewe alikutoa humu kwa kukushika mkono. Nakuomba kitu kimoja tu. Waambie na hawa, mzee alikuwa anakimbilia wapi."

Vicheko vilikatika. Wateja wote wakamgeuzia msusi shingo. Yeye alichovya kitana kwenye mafuta, akaendelea kusuka.